Nilikaa Kilio cha Muntu wa Televizio

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha mwaka wa ine wa msingi, nikaanza kusukuma mukokoteni wa simenti pale Katuba. Leo niko na depo mbili za simenti, kamiyo zangu mwenyewe za kubeba mizigo, na nyumba ya kupanda ngazi. Siyo kujisifu, ni kweli tu.

Mwaka huu kaka mukubwa wa bibi yangu, mama ya batoto bangu, alikufia Kilwa ya kwetu, ku ziwa. Mimi sikwenda. Nilituma kamiyo: unga, vinywaji, sanduku la maiti lenye kioo, hata samaki, kule Kilwa kwenyewe bantu banavua samaki! Niliona nimeshinda bakwe bote. Bibi yangu aliporudi kutoka kilio, akaanza kuniita "Patron", kama bafanyakazi bangu. Chakula aliweka, nikimuuliza alijibu, lakini kucheka naye kuliisha. Sasa alikuwa anafunga mizigo arudi kule kwa siku ya kumaliza kilio, na hakuniambia twende.

Siku moja ya Mungu, kisha kutoka misa, binti yetu wa iniversite alikuwa anacheza muchezo ku televizio.

"Papa, kuja ujaribu. Weye uko askari. Kila kitu unafanya, muchezo unakumbuka. Ukisaidia bantu, banakupenda. Ukiiba, banakufukuza."

"Hiyo ni kazi yangu ya kila siku," nikamujibu. "Leta."

Aliniambia nifike ku daraja mbele ya jua kushuka, sababu bajambazi balikuwa banakuja kuchoma kijiji. Nilipanda farasi, na nilijua kuiendesha haraka, kuliko vijana bengi. Njiani nikakuta mwanamuke analia mbele ya nyumba, bantu bamekaa chini. Nikashuka. Nikatafuta kifungo cha kukaa, nikakaa nabo.

"Papa, unafanya nini?"

"Kuko kilio."

"Balichorwa tu bale! Twende!"

"Muntu hapiti kilio juu ya farasi. Na mchango banaweka wapi?"

Mutoto alicheka mpaka akaanguka ku kiti. Mimi nilikaa tu. Jua likashuka, moshi ukapanda, na muchezo ukaandika kwamba askari mwoga aliacha kijiji kikateketea.

"Mwoga nani? Mimi? Nilikuwa na nia muzuri!"

"Muchezo hauone nia, Papa. Unaona tu kama ulikuwa ku daraja ao haukuwa."

"Basi ni mujinga."

Bibi yangu alikuwa amesimama mulangoni, anakunja kitenge. Sikujua tangu saa ngapi.

"Ndiyo vile ulisema na juu ya kaka yangu," akasema. "Nia muzuri. Huyu wa televizio unamukalia chini. Mama yangu alikaa siku ine anaangalia kamiyo."

Binti yetu akazima sauti ya televizio.

Ningeweza kusema kazi ilikuwa mingi. Ilikuwa mingi kweli. Lakini mimi najijua: ku mukeka wa kilio bantu bote banakaa sawasawa, hakuna anayeona mwenye depo ni nani. Kamiyo, hata mutoto mudogo anaiona ikiingia. Ndiyo sababu nilituma kamiyo.

"Kuko nafasi ya mimi?" nikauliza.

"Gari ni yako, Patron."

"Sisemi gari. Nasema ku mukeka."

Aliniangalia kwanza. "Bashemeki banakaa nyuma, karibu na moshi wa jiko. Hautaweza."

"Nitaweza."

"Na simu? Kila saa alo, alo, simenti?"

"Nitaiachia huyu mutoto."

"Na mama akikutukana mbele ya bantu?"

Muntu kama mimi hatukanwi mara mingi.

"Atukane," nikasema.

Bibi yangu alirudi chumbani, nikasikia anafungua tena mufuko aliokuwa amekwisha kufunga. Halafu akapaaza sauti, kuuliza kama shati yangu nyeusi ingali inanitosha. Nikamujibu inanitosha muzuri sana. Ilikuwa uongo, kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa mushonaji.