Nta Kwenye Mpira wa Turbo

Nta ikidondokea chuma cha moto hutoa harufu tamu kwanza, halafu inakaba koo. Juzi mteja mmoja alikuja na ndoo za asali hapa gereji kwangu Kawajense, Mpanda, na kipande cha nta kikaangukia ekzosi ya gari nililokuwa nalifungua. Nikaacha spana, nikatoka nje. Mteja akadhani naumwa. Siumwi, ndugu zangu. Kimawazo nilikuwa nimerudi kwetu Inyonga, nina miaka tisa, na mdogo wangu Festo anakosa pumzi.

Kwetu nta ilikuwa dawa ya kila tobo. Ndoo ikivuja, nta. Mtungi ukipata ufa, nta. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anaishindilia kwa kidole gumba huku anasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na hakuna mtu pale nyumbani aliyemwona akishindwa. Kwa hiyo msinicheke sana kwa nilichofanya.

Baba alikuwa na lori dogo la turbo, anabeba tumbaku na asali kupeleka Mpanda. Alikuwa hana mtoto wa kiume mkubwa, na hata angekuwa naye, mimi ningemsukuma pembeni nikae karibu na injini. Alinifundisha akiwa ameinua kichwa cha lori. Moshi wa injini, alisema, hautoki bure. Unazungusha feni kwanza, ndiyo turbo yenyewe, na feni ile inaisukumia injini hewa. Hewa ikizidi, kidogo inapita kwenye mpira huu mwembamba hadi kwenye kopo hili. Kopo linasukuma mkono wa chuma, mlango mdogo unafunguka, na moshi unapita pembeni kwenda moja kwa moja kwenye ekzosi bila kugusa feni. "Mlango usipofunguka," alisema, "turbo inasukuma kama kichaa mpaka kitu kipasuke."

Nikauona ule mpira una ufa karibu na ncha. Baba hakusema kitu kuhusu ufa. Mimi nikajisemea moyoni, leo nitamfurahisha. Alipokwenda kuoga nikauchomoa, nikashindilia nta nje na ndani, nikaurudisha. Nililala na furaha yangu, mjinga mimi.

Kesho yake mchana Festo, aliyekuwa na miaka minne, alicheka akiwa na karanga mdomoni. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, halafu akaanza kupumua kwa mluzi. Tukamkimbiza zahanati, nesi akamsikiliza, akasema, "Karanga imekaa njia ya hewa. Nyie msisubiri chochote, mkimbizeni Mpanda." Mama alimpakata, mimi nikabanwa katikati, baba akakanyaga mafuta.

Lori lilipanda vilima siku ile kama halina uzito. Baba akasema, "Leo limeamka!" Mimi nikasikia turbo inalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, inazidi kupanda. Halafu paa! Moshi mweusi ukajaa nyuma yetu, lori likaisha nguvu, tukasimama katikati ya msitu wa miombo.

Paipu kubwa ya hewa ilikuwa imechomoka. Baba aliirudisha, akaifunga kwa waya, tukaenda kidogo tu, paa! Akaifunga tena. Jasho linamtiririka, anaongea peke yake. Hakuna gari jingine lililopita. Mama akapiga kelele, "Baba Anjela, mtoto anabadilika midomo!"

Mimi nilikuwa najua. Jamani, nilikuwa najua tangu paa ya kwanza, na ulimi ulikuwa umekufa mdomoni. Baba yangu alikuwa na kiboko cha kweli, si cha kutishia. Lakini nikamtazama Festo, kifua kinaingia ndani kila akivuta, nikasema, "Baba, mimi nimeweka nta kwenye mpira mwembamba."

Aliinama tena kwenye injini. Kisha akauchomoa ule mpira. Nta ilikuwa imeyeyuka, ikashuka, ikaganda kwenye mdomo wa kopo, imeziba kabisa. Mkono wake haukuingia kati ya mabomba yale. Akanipa spoku ya baiskeli, akasema, "Kwangua." Nilikwangua huku ekzosi inanichoma mkono, nalia, sisimami. Yeye akakata ncha yenye ufa kwa kisu, akaurudisha mpira ukiwa mfupi lakini mzima. Tuliondoka. Turbo ililia mpaka kiasi chake, ikatulia.

Mpanda, daktari alimlaza Festo, akaingiza koleo ndefu kooni, akatoa nusu ya karanga. Kitu kidogo hivyo! Festo akalia kwa sauti kubwa, na mama akakaa sakafuni.

Nilisubiri kiboko siku ile, na kesho yake, na mwezi mzima. Hakikuja. Baba hakulitaja kabisa. Nikaamini mimi ndiye nusura nimuue mdogo wangu na baba ananionea huruma tu. Nilikua na hilo. Nadhani ndilo lililonifanya fundi.

Mwaka jana nilikuwa nabadilisha mpira kama ule, umepasuka pale pale. Mwenye gari akanibembeleza nisiubadilishe: hewa ikivuja pale, mlango unachelewa kufunguka, na gari linavuta vizuri na mzigo. Nikaweka spana chini, nikaukumbuka ufa wa lori la baba. Nta yangu ilimaliza kazi ambayo ufa ulikuwa umeianza.

Jumapili nikaenda Inyonga. Tukiwa mezani, mimi na baba tu, nikamuuliza kuhusu ule mpira.

"Nilijua," baba alisema. "Ulikuwa na ufa tangu msimu wa tumbaku unaanza. Lori lilikuwa linavuta, nikauacha."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii, baba!"

"Nilikuwa nangoja ukue uniulize. Ulipokua, nikaanza kuomba usiulize."

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, maana nilikuwa mtoto na alinibebesha mzigo wa mtu mzima. Nikamtazama nimwambie hivyo. Mzee alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, ameinamisha kichwa, anasubiri. Ndivyo nilivyosubiri mimi mwezi ule mzima.

"Kula, baba," nikamwambia. "Ugali unapoa."