Herufi za Shangazi Kadzo

Nyumba yetu ya Kisumu Ndogo, Malindi, ilinuka rangi na mafuta ya taa mwaka mzima, kwa sababu Kadzo, dada mdogo wa baba, aliishi nasi na kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka. Likizo moja nikiwa darasa la tano, alikuja Fondo, mpiga picha za harusi. Alikuwa akitengeneza filamu ya jini, na alitaka maandishi ya mwanzo yamtie mtu baridi kabla hajaona kitu. "Yachuruzike damu," alisema. Shangazi akakataa. "Damu wameizoea. Mwandikie mtu herufi anazozijua, kisha moja uikosee kidogo tu. Hapo ataogopa."

Akaandika kwa chokaa kwenye kioo cha dirisha jina la filamu, Mgeni wa Kisimani, herufi nyembamba za kupendeza, ila mguu mmoja wa M ulirefuka kama unaotafuta pa kukanyaga. Mimi nilishika kioo, Fondo akashika kamera, na shangazi akamwaga maji polepole mpaka herufi zikaanza kuteleza. Tulirudia siku nne, viganja vikanichubuka.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika banda la video, na watu walinyamaza kabla jini hajatokea. Kisha majina yakapita: mtunzi Fondo, mwongozaji Fondo, maandishi Fondo. Shangazi alikaa kando yangu, mikono ameificha ndani ya leso. Tulipotoka Fondo alimwambia, "Usijali, Kadzo, nafasi ilikuwa finyu."

Mimi sikuweza kuvumilia. Shule zilipofunguliwa nilijigamba kwamba shangazi yangu ndiye aliyeziandika herufi za filamu ile, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wananisikiliza, nikaongeza kwamba herufi zilisogea zenyewe. Maneno yalifika nyumbani kwao, yakafika sokoni. Muuza nyama akakifuta kibao alichoandikiwa na shangazi. Asubuhi moja tulikuta mlango wetu umeandikwa MCHAWI kwa makaa. Fondo hakuulizwa na mtu. Baba, aliyejua kwamba wanaotuhumiwa hivyo huuawa, alimpeleka dada yake kijijini Adu siku hiyohiyo, kwenye shamba la bibi, na tangu hapo shangazi hajashika brashi tena.

Leo nakaa Kibarani, Kilifi, na natengeneza maandishi ya mwanzo ya filamu za kutisha kwa kompyuta. Jina langu hupita kwenye skrini, na wanaonisifu hawajui nilijifunza wapi. Kazi iliyomchukua shangazi siku nne naimaliza kabla chai haijapoa. Mwezi uliopita nilimtembelea huko Adu, nikamkuta akipalilia mihogo, viganja vimekuwa vigumu kama mpini. Tukaketi kivulini, nikamwonyesha kazi zangu kwenye simu. Aliziangalia zote bila haraka, akanirudishia simu, akasema, "Mpaka leo sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba zilisogea zenyewe."

Nikamjibu kwamba hata mimi sijui.