Mama Kapinga Tulimutosha na Reglema

Kosa iko yangu, bandugu. Tulikuwa batu tatu mu komite, lakini mi njo mwenye alisomaka. Mi njo nilijua.

Sisi bamama ya kartie, mutaa yetu, tuko na shamba moja ya mahindi ku njia ya Kasaji, kila mama na mustari yake. Wakati mine, mugodi ya shaba, ilianguka na mushahara ya babwana ikakauka, tulijipanga ili batoto bapate bukari, ugali ya mahindi. Tukafanya statuti, sheria kubwa ya kikundi, bamama bote pamoja, tukaombea na sala. Statuti inasema: mama hatoke mu kikundi mupaka bamama bote baikale chini, na yeye mwenyewe aseme, bote banamusikia.

Komite, yake ni reglema tu. Siku gani ya kulima (yetu ilikuwa siku ya posho, ni kusema Jumamosi), nani analeta maji, nani anafukuza ndege. Reglema komite inaweza kubadirisha asubui, na mangaribi tena. Statuti, hapana, mupaka bamama bote. Hii mwalimu wa masomo ya mangaribi alitufundishaka vizuri, sikusahau ata kidogo.

Njo wakati ya kufukuza batu ya Kasai ikaingia: balisema ni bageni hapa Katanga, barudi kwao na treni. Kila mutu akaanza kuangaria jirani na jicho ya upande. Ata mi, mwenye rozari mu mukono.

Mama Kapinga alikuwa rafiki yangu. Familia yake ni ya Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa Kolwezi, kule hajafikaka ata siku moja. Siku moja namuona ku njia, anasema pole pole na mutu ya Kasai mwenye kutumika ku treni, mu luga yao. Kufika karibu, bananyamaza. Roho yangu ikasema: huyu anapanga kubeba mahindi yetu mbele ya kukimbia.

Sikumuuliza. Nilipita mbio, nikapeleka ile shaka kwa mama prezida wa komite.

Prezida akacheka. "Mama, beko vile bote. Tumutoshe, atoke mu kikundi."

"Kumutosha ni mambo ya statuti," mi nasema. "Mupaka bamama bote baikale."

"Bote? Na hii fujo iko mu njia? Weka tu mu reglema: mwenye anakosa shamba siku ya posho mara tatu, iko nje. Sisi hatumufukuze. Ni yeye mwenyewe hakuye."

Bandugu, ku njia ya shamba bijana balikuwa na fimbo. Mama wa Kasai hawezi kupita pale. Prezida alijua, mi pia nilijua. Lakini mahindi ilikuwa karibu kukomaa, na shaka ilikuwa imekwisha kunishika. Nikaandika.

Siku tatu ya posho zikapita. Tukavuna. Mustari ya Mama Kapinga ikaenda kwa dada ya prezida. Pale njo nilianza kushuku mama prezida, lakini nilikuwa nimechelewa.

Nikaenda ku gare, kituo ya treni. Familia zilikuwa zinalala pale inje, na bitanda na masufuria, kungojea treni. Mama Kapinga alikuwa anapikia batoto majani ya matembele, bila unga. Nikamwambia komite imemutosha, juu alikosa shamba mara tatu.

Hakulia. Aliniuliza tu: "Kwani ule mutu ya treni hakufika kwenu?"

"Mutu gani?"

"Ule uliniona naye. Yeye bijana banamuacha apite, juu ya kazi yake ya treni. Nilimutuma aseme: siwezi kufika ku shamba, bamama banitunzie fasi yangu. Alirudi, akaniambia alifika kwa prezida."

"Na juu ya nini mulinyamaza wakati nilipita?"

"Mama, siku hizi tunasikia woga kusema luga yetu mbele ya batu. Nilitaka nikuite. Ulipita bila kunisalimia."

Akapepea moto, akaniangaria. "Wewe ulisoma, mama. Ile sheria ya kunitosha, iko mu statuti?"

Nilikuwa na haya. Nikasema: "Iko."

"Kama iko mu statuti, basi bamama bote balikubali." Akageukia sufuria yake.

Treni ilimubeba na batoto yake. Nilisikia mu njia batoto bengine balikufa na njaa. Yake sijue. Ungamo nilifanya kwa padri, lakini yeye si Mama Kapinga.

Mwenye iko mu kikundi, mwenye iko mu ushirika, ao kamati ya kanisa: komite ikikuambia "ni reglema tu," uliza kwanza ile reglema inatosha nani, na nani atakula fasi yake. Na kama wewe njo mwenye kuandika, acha kalamu chini, ita batu bote.

Sababu ya bongo yangu, Mama Kapinga alipanda treni na kuamini kama bamama bote tulimukataa. Bamama bengine ata habakuulizwa. Tulikuwa batatu tu.