Chura Aliyeandikwa Arua

Kwa misimu miwili ya mvua, kijito kilicho chini ya shamba la Mindra huko Lurujo, wilayani Koboko, mbali na mji wa Arua, kilikuwa kimya jioni. Maji yalipita, lakini ile sauti kama ya kokoto mbili zikigongana, aliyoizoea tangu alipoolewa, haikuwepo. Mindra alidhani ni masikio yake yanazeeka.

Kisha akaja Emilia, mtafiti kutoka Arua, na picha ya chura wa mitini: mdogo, wa kijani, mapaja ya manjano. Wa kwanza alikamatwa miaka tisini iliyopita, akatiwa kwenye chupa ya spiriti na kupewa jina la Kilatini. Msafiri aliyemkamata hakuandika kijito, aliandika mji aliolala: Arua. Wataalamu waliofuata walizunguka mito yote ya Arua, wakamkosa, wakaamua kuwa ni chura wa kawaida tu aliyepauka kwenye chupa. Jina likafutwa.

Mindra alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, walitafuta yeye mjini? Chura iko na ofisi gani Arua?"

"Mama, unamjua?"

"Huyu? Anakaa kwa jani, juu ya maji. Mayai anabandika hapo hapo, watoto wanaanguka ndani."

"Sasa yuko wapi?"

Mindra akatazama kijitoni. "Misimu miwili sijasikia sauti yake."

Emilia alikuwa na msimu huo mmoja tu. Asiporekodi sauti ya chura aliye hai, ripoti ingefungwa na jina lingebaki limefutwa. Wakateremka pamoja. Kwenye kidimbwi chenye kivuli yalilala magunia matatu ya mihogo michungu ya Mindra, iliyolowekwa ili sumu yake itoke. Maji yalikuwa na povu la kijivu, yananuka.

"Nani alikufundisha kuloweka hapa, mama?"

"Wifi yangu wa Vurra. Mwaka juzi." Mindra akasikia alichokisema. "Mwaka juzi," akarudia polepole. "Basi ni mimi."

"Bado hatujui. Tuyatoe, tuone."

Waliyatoa siku hiyohiyo. Tangu hapo Mindra alipandisha maji mlimani kwa kichwa, mtungi baada ya mtungi, kujaza pipa la kulowekea mihogo. Jirani yake Pasca alimngoja njiani.

"Mindra, unabebea chura maji?"

"Ndiyo. Wewe mume yako anakubebea?"

Wiki ya sita, jua likizama, kokoto mbili ziligongana juu ya kidimbwi. Kimya. Zikagongana tena, na nyingine ikajibu kutoka ng'ambo. Mindra hakuthubutu hata kukohoa. Kesho yake Emilia alifika na kinasa sauti, akainasa. Chura wa kawaida halii hivyo, na wataalamu waliosikiliza walikubali. Jina likarudishwa.

Chupa ya zamani ipo Ulaya, na lebo yake bado inasema Arua. Chini yake imeongezwa kadi: Lurujo, Koboko.

Mindra analoweka mihogo yake kwenye pipa, nyuma ya jiko.