Fremu ya Baba Mkwe

Mtaani walimwita Nyoosha, na jina alilistahili. Fundi huyu wa baiskeli za zamani, zile za chuma zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, angekufungia gia za kisasa na breki mpya bila kinyongo. Lakini fremu iliyopinda haikutoka karakanani mwake, hata ungemlilia.

Aliyemtia majaribuni ni mkewe. Magoti yalikuwa yamemwishia nguvu, na dada yake mkubwa, aliyekuwa hatoki tena kitandani, aliishi juu ya mlima. Miezi minne walikuwa wakisemezana kwa simu tu, na kila akikata simu mke alijifuta macho, akidhani mumewe hamwoni.

"Nitakupandisha kwa baiskeli ya baba yako," Nyoosha akamwambia. "Kwa gia hizi mpya, magoti hayatajua kama ni mlima."

"Ya baba haiguswi."

"Sikati kitu, mama watoto. Naipanua tu."

Kweli, gurudumu jipya la kubebea gia hizo lilizidi nafasi ya nyuma ya fremu kwa milimita nne. Alitia humo skrubu ndefu yenye nati mbili, akazizungusha kidogo kidogo zitanue chuma, roho mkononi, maana chuma cha zamani kikikatika ndiyo basi tena. Kisha akapitisha uzi kutoka mbele hadi nyuma kupima, akaona upande mmoja umeingia ndani. Akaunyoosha bila kumuuliza mtu.

Mke akazunguka nayo uani mara moja, akashuka.

"Hii si ya baba."

"Ni ileile!"

"Ya baba inavuta kushoto. Alianguka nayo amenibeba, nikiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo ilivuta hivyohivyo. Mimi na dada tumejifunzia kuendesha kwa hiyohiyo. Hii siijui, naiogopa. Mlimani siendi nayo."

Nyoosha akarudi karakanani, akakaa kwenye stuli amenuna. Miaka thelathini anawanyooshea watu, leo apinde kwa mkono wake mwenyewe? Ilimuuma, tusidanganyane. Lakini alimpenda mkewe kuliko jina lake. Akausukuma ule upande ndani, akampa mkewe ajaribu, akarekebisha, akampa tena, hadi aliposema, "Haya, sasa ndiyo yenyewe."

Kesho yake mke akaupanda mlima kwa gia nyepesi kuliko zote, bila kushuka, mumewe nyuma kwa miguu. Katikati ya njia, fundi mwenzake aliyekaa mlangoni mwa karakana yake akapasuka kwa kicheko.

"Nyoosha! Siku hizi unatoa kazi zilizopinda?"

"Imepinda kwa vipimo, bwana," akajibu akihema. "Nimepima mara tatu."

Alipofika juu, aliikuta baiskeli imetupwa chini mlangoni, gurudumu bado linazunguka, na ndani dada wawili wanalia. Akaiinua, akaifuta vumbi, akakaa nayo nje.