Mwambie Akanyage

Harufu ya mafuta ya breki ikinifikia popote, humwona mama kwenye kiti cha dereva, bila viatu, kitambaa cha kichwa amekivuta hadi kwenye nyusi. Babu, mzazi wa baba, alikuwa amelala chini ya lori akitoa hewa kwenye breki. Jana yake zilikuwa zimekataa baba akiteremka mteremko wa Mosocho, naye alfajiri angepita palepale na shehena ya ndizi.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huoneana haya. Hawasemezani ovyo, sembuse kuamrishana. Kwa hiyo nilisimama kwenye mlango wa lori, nikabeba maneno.

"Mwambie akanyage."

"Mama, kanyaga."

Hakuna kilichotoka. Valvu ya breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeganda. Babu akaimwagia mafuta ya taa, akaigonga taratibu, akaibana kwa spana na kuizungusha hadi ikalia na kulegea.

"Mwambie akanyage tena."

Povu likatoka, kisha mafuta matupu. Babu akaifunga valvu, na pedali ikawa ngumu chini ya mguu wa mama.

Babu akaiweka spana kando.

"Mwambie binti yangu apumzike."

Hayo sikuyabeba. Mama alikuwa tayari amejifunika uso kwa kile kitambaa.