Kikapu cha Mayasa Hakijai

Mayasa wa Bububu alikuwa na maringo, na maringo yenyewe yalikuwa mayai. Kuku wake wa kienyeji walitaga ya kila sura, lakini ya kuuza alichagua ya mviringo tu, akayakusanya kwenye susu iliyoning'inia juu ya meko, paka wasiyafikie. Marefu na yaliyopinda yaliliwa nyumbani siku hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, alikuwa akisema. Kikapu kikijaa ndipo aende mjini. Methali nzuri, ila haikutungwa kwa ajili ya mayai.

Siku moja Bi Zuleikha, mpishi wa keki wa Mji Mkongwe na mteja wake wa miaka, alipasua yai moja kwenye sahani mbele za watu. Kiini kikalala, ute ukatawanyika kama maji.

"Mazuri ya kutazama tu haya. Ukiniletea tena, tusijuane."

Mayasa alirudi na kikapu chake, aibu imemjaa. Kulia hakulia. Alipasua yai refu la asubuhi ile: kiini kikatuna. "Kumbe marefu ndiyo bora!" Lakini hakutaka kujidanganya mara mbili. Akapasua la mviringo lililotagwa siku ile ile; nalo kiini kikatuna. Refu jingine akalitia kwenye susu, na baada ya wiki akalipasua, likamwagika kama wenziwe. Basi sura haikuwa na kosa. Kosa ni joto la meko, na siku za kungojea ya kufanana. Miaka yote hiyo mteja alikuwa akiuziwa yaliyochoka.

Susu akaishusha. Kesho yake akachukua mayai mapya, marefu kwa mafupi, hayakuenea hata kitako cha kikapu.

"Shoga, mjini na kikapu kitupu? Huoni haya?" jirani yake Sichana akamcheka.

"Nnaona. Na nnakwenda."

"Shikamoo, Bi Zuleikha," akasema alipofika mjini.

"Marahaba. Mayai haya, au viazi?"

Mayasa akaomba sahani, akapasua lililopinda kuliko yote. Kiini kikatuna, ute ukakizunguka. Bi Zuleikha akakigusa kwa kidole.

"Nna keki ya harusi Ijumaa. Kusanya kikapu kizima, uniletee."

Mayasa alilitaka sana agizo lile.

"Sikusanyi tena, Bi. Ntakuletea ya siku, kila siku. Yasipotosha, jazia kwa mwengine."

Bi Zuleikha akalimimina lile yai kwenye bakuli la unga.

"Basi kesho njoo mapema."